Wasindikizaji wa Njia Fupi

Tangu Njia Fupi ifunguliwe, watu wa Songea waliacha kuuliza Vancouver ni mbali kiasi gani. Walichouliza ni nani atakusindikiza. Kwa Osmund Haule swali hilo lilikuwa na jibu lile lile kwa miaka tisa, na hakuwahi kuliumizia kichwa mpaka jioni moja ya mwezi wa sita, simu ilipolia akiwa jikoni kwake, ghorofa ya saba, anasonga ugali.

Binti yake Kandida, mwenye miaka tisa na nusu, alikuwa ameketi juu ya meza anasukuma kwa ulimi jino lililolegea. Aliyepiga alikuwa Desderia, binti wa mama yake mdogo, aliyelelewa naye nyumba moja na ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimuuguza mama huko Songea. Vancouver jua lilikuwa bado linawaka dirishani. Kule kwa Desderia jogoo walisikika.

"Shikamoo kaka. Uko na mtu?"

"Marahaba. Niko na Kandida. Sema tu."

"Mama amezidiwa. Daktari anasema kama kuna mtu wa kuja, aje leo. Ya kesho hawezi kuyasemea."

Osmund alizima jiko. Ugali ulibaki nusu mbichi na mwiko umesimama katikati.

"Na kuna jingine," Desderia aliendelea, sauti imeshuka. "Amenisikia nikitafuta namba yako. Anataka tumbebe tumpeleke kituoni akae kitini. Ameshaulizia kile kitenge chake cha safari."

"Usithubutu! Atafia palepale!"

"Ndivyo nilivyomwambia. Ananijibu, mwanangu atakujaje bila mtu, atakuja kama mkimbizi?"

"Mwambie nakuja kwa ndege."

"Kwa ndege ni siku mbili, kaka."

"Najua. Mwambie hivyohivyo."

Hapa inabidi tueleze kidogo, kwa ajili ya wale waliobahatika kutokukalia kiti kile.

Kutoka Songea hadi Vancouver ni kilomita elfu kumi na tano na mia tatu hivi, kwa mstari ulionyooka. Ndege ikiruka bila kutua popote ingetumia saa kumi na saba. Ndege ya namna hiyo haikuwahi kuwepo, kwa hiyo watu walipitia Dar, wakapitia Uarabuni, wakapitia Ulaya, wakafika siku ya pili miguu imevimba na lugha zimewachanganyikia kichwani. Njia Fupi iliyafuta hayo yote. Unaingia kwenye chumba Vancouver, mlango unafungwa, unafunguliwa uko Songea, na chai uliyoiacha mezani bado inafuka.

Wataalamu waliweza kuukunja umbali. Kuzifuta saa hawakuweza. Zile saa kumi na saba ambazo abiria hakuzitumia zilikuwa lazima zipite katika mwili wa mtu, na si mwili wa abiria mwenyewe, kwa sababu waliojaribu kujibebea walitokea upande wa pili maiti. Ulitakiwa mwili wa damu ya karibu kabisa: mzazi, mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Mtu huyo aliketi kwenye kiti kituoni, akafungwa mkanda mkononi, akalala, na saa za mwenzake zikapita ndani yake mpaka zikaisha.

Kule ilikobuniwa mashine, watu waligawana mzigo. Leo anakaa kaka, mwakani baba, na safari zisizo na maana ziliachwa. Mbebaji walimwita kwa jina la kiofisi lisilo na ladha yoyote. Aliyeleta balaa kwetu ni kijana mmoja wa matangazo pale Dar es Salaam, kijana mwenye akili nyingi, aliyeona jina lile halitauza. Akamwita msindikizaji, na kazi ikawa imekwisha. Kwetu mgeni hasindikizwi na mtu wa kukodi. Anayebaki ndiye anayetoka naye, anamshikia mzigo mpaka njia panda, na mwenye nyumba anayemwachia mgeni aondoke peke yake husemwa mtaa mzima. Akina mama walipolisikia neno hilo walijipanga vituoni wamevaa vitenge vipya, na mikoba mapajani. Habari za kugawana hakuna aliyetaka kuzisikia. Mama gani angemwachia mtu mwingine amsindikize mwanawe?

Eufrasia Nchimbi, mama yake Osmund, hakumwachia mtu. Osmund akija, yeye alikaa kitini kumpokea. Osmund akiondoka, alikaa tena kumsindikiza. Iliwachukua madaktari miaka sita kusema hadharani kwamba saa moja ya njia humla msindikizaji wiki nzima ya mwili, kwamba nywele, mifupa na moyo vyote huiishi wiki hiyo kweli. Osmund alizisoma habari hizo akampigia mama, na mama akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mtu aache kumsindikiza mwanawe kwa sababu anachoka?" Tuseme ukweli, jibu hilo lilimfariji. Baada ya hapo alikuja nyumbani mara nyingine nne, mojawapo kwa ajili ya harusi ya rafiki aliyesoma naye, na akarudi mara mama alipoamka kitini, kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi. Mama alikuwa na miaka sitini na nne. Wasiomjua walimpisha njiani wakimdhania wa themanini.

"Bibi anaumwa?" Kandida aliuliza.

"Anaumwa sana."

"Unakwenda?"

"Sijui nitakwendaje."

Na kweli hakujua. Ndugu yake wa tumbo moja, Longinus, alikufa kwa ajali ya pikipiki zamani. Mke wake alifariki Kandida akiwa hajaanza kutembea. Desderia damu yake ilikuwa ya pembeni, mashine isingeipokea. Duniani walikuwa wamebaki wawili tu wa kumbebea saa zake, mmoja yuko kitandani Songea na mwingine yuko juu ya meza ananing'iniza miguu.

"Mimi nitakusindikiza," Kandida alisema.

Alilisema hilo kama anayejitolea kwenda dukani kununua chumvi. Osmund alimwambia aache utani. Akafungua simu kutafuta ndege, akaiona: kuondoka usiku huo, kufika Songea siku ya tatu mchana. Akaiangalia kwa muda mrefu. Daktari alikuwa amesema leo.

Hapo ndipo alipoanza kujidanganya, na alijidanganya vizuri, kwa mpangilio. Wiki kumi na saba kwa mtoto ni kitu gani? Mtoto ana miaka yote mbele yake. Sheria ya kule iliruhusu kuanzia miaka tisa kwa saini ya mzazi, na sheria haitungwi na wendawazimu. Isitoshe mtoto mwenyewe anataka. Ambacho hakujiambia ni kwamba alikuwa anaogopa. Katika miaka tisa hakuwahi hata mara moja kurudi kwao kwa tabu yake mwenyewe, na hakuamini kwamba angeweza kukaa siku mbili angani akimuwaza mama anakata roho.

"Jino likitoka utampelekea bibi alirushe juu ya bati?" Kandida aliuliza. "Sisi juu ya bati letu kuna watu wengine."

"Nitampelekea," Osmund alisema, na kwa neno hilo akawa amekubali.

*

Kituoni alikuwepo Kerubo, mama wa Kikenya kutoka Kisii, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amempitisha Osmund kwenye mlango ule akimtania kwamba anakwenda nyumbani mara nyingi kuliko yeye anavyokwenda sokoni. Walizoea kuongea Kiswahili. Siku hiyo aliangalia nyuma ya Osmund, akamwona Kandida, akaangalia tena mlangoni kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Mama ameshakaa huko Songea?"

"Mama ni mgonjwa. Leo ni huyu."

"Bwana Haule, huyu ni mtoto."

"Sheria inaruhusu."

"Sheria huruhusu mambo mingi." Kerubo alikunja mikono. "Mimi nimekaa hapa miaka tano na watu wa kwenu. Ni wamama tu huwa wanakuja. Sijawahi kuona mtu akileta mtoto. Unajua tofauti yake? Mtu mzima akitoka kwa hicho kiti, ametoka amechoka. Mtoto anatoka amekua."

"Ni wiki kumi na saba tu."

"Ni zake lakini."

 Osmund alikwisha kutoa kitambulisho na alikuwa anakisukuma kwenye kaunta kwa kidole. Kerubo alitoka nyuma ya kaunta akachuchumaa mbele ya Kandida, kwa sababu utaratibu ulimtaka msindikizaji akubali kwa mdomo wake.

"Umeelewa, mrembo? Utalala hapo mpaka kesho mchana. Ukiamka, hizi viatu zitakufinya. Nywele zitakuwa zimekua. Siku za kwako zitakuwa zimepita na hukucheza hata moja."

"Bibi hukaa kila siku," Kandida alisema. "Na viatu baba atanunua vingine."

"Na wewe unataka?"

Kandida alimwangalia baba yake kwanza. Osmund alitabasamu. Baadaye, kila alipolikumbuka tabasamu hilo, alitamani angekuwa ameng'oka meno yote kabla ya kulitoa.

"Nataka," alisema Kandida.

Kiti kilikuwa kimetengenezwa kwa watu wazima, kwa hiyo walimwekea mto mgongoni na miguu yake haikugusa chini. Bi Rosa, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameahidi kuja kumchukua kesho yake mchana. Osmund alimshika bega, akamwambia asichezee jino, akamwambia atarudi mapema. Kisha akaingia chumbani na mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, baridi ya asubuhi ya Songea ilimpiga usoni, na mtu alikuwa anafagia nje ya kituo akipiga mluzi.

*

Nyumba ya mama ilikuwa Bombambili, ya matofali ya kuchoma, na bati jipya ambalo Osmund alituma hela ya kulinunulia miaka miwili nyuma. Desderia alikuwa uani anachochea moto wa maji ya kuogeshea mgonjwa. Alipomwona aliinuka, kuni bado iko mkononi.

"Kaka? Umefikaje?" Halafu akaelewa mwenyewe, na ile furaha iliyokuwa imeanza usoni ikakatika. "Mungu wangu. Kandida."

"Usimwambie mama."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Chumbani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya mafuta ya karafuu. Mama alikuwa amelala chali, amekonda, mikono juu ya blanketi. Osmund aliinama.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina." Macho yalifunguka taratibu. "Osmund?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Marahaba. Umekuja."

Alimpapasa uso kwa kiganja kikavu, kuanzia paji mpaka kidevu, kama alivyokuwa akimnawisha zamani, na Osmund alifurahi. Hilo lisifichwe. Kwa dakika chache alifurahi kabisa, aliona amefanya vyema, aliona hata Kandida angelikuwepo angekubali kwamba ilistahili. Mama aliulizia hali ya hewa ya kule. Aliuliza kama Kandida bado hali maharage. Kisha akawa anasikiliza sauti za nje.

"Kumekucha sasa hivi tu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Desde amekupigia alfajiri. Nilimsikia."

"Nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa njiani tayari, kwa ndege."

"Nipe mguu wako."

"Mama, pumzika."

"Nipe mguu wako, Osmund."

Aliukalia ukingo wa kitanda na kuupandisha mguu. Mama alimbonyeza kifundo kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Mtu aliyetoka kwenye ndege ya siku mbili ukimbonyeza hapo panabaki shimo. Kwa Osmund hapakubaki kitu.

"Hiyo njia imepita humu ndani yangu kuliko ilivyopita kwa rubani yeyote," mama alisema. "Naijua mwanzo wake na mwisho wake. Usinidanganye juu yake. Nani amekusindikiza?"

Osmund aliangalia mlangoni. Desderia alikuwa amesimama pale na beseni la maji, na hakumsaidia.

"Kandida."

Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Mtoto."

"Alikubali mwenyewe, mama. Alifurahi, kweli tena."

"Na mimi nilifurahi."

Maneno hayo yalimchoma, na kwa kuwa yalimchoma alikasirika. Alisema mambo ambayo mtu hamwambii mama yake kitandani. Kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumkatalia. Kwamba angesema neno moja tu, moja, yeye angeacha. Kwamba alimzoesha, halafu leo anamwona mkosaji kwa kuja kumuaga.

"Ni kweli," mama alisema. "Nilikudekeza. Hilo langu, nitakwenda nalo. Lakini mimi ni mama, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki. Anayebaki anamsindikiza anayeondoka, anarudi nyumbani."

"Kandida naye amebaki."

"Amebaki na nani?"

Osmund aliushusha mguu wake sakafuni.

"Saa hizi yuko wapi?" mama aliuliza.

"Kituoni. Kitini. Mpaka kesho mchana kwao."

"Nani amemshika mkono? Mimi Desde alikuwa ananishika mkono, mwanzo mpaka mwisho." Alijaribu kuinuka akashindwa, akabaki anahema. "Wanasema unalala. Hulali. Unazisikia siku zinapita moja moja, unazisikia kucha zinaota, na huwezi kuita mtu akakusikia. Mimi nilikuwa nasali rozari. Yeye anasali nini, Osmund? Umemfundisha kusali?"

Hakuwa amemfundisha. Alianza kulia, mtu mzima mwenye kitambi, ameshika ukingo wa blanketi la mama yake.

"Mama, nilitaka nikuone."

"Umeniona. Sasa rudi."

"Siwezi kukuacha hivi."

"Rudi kwa mtoto. Kwa ndege, kwa miguu, shauri yako. Na mimi usinisindikize. Siku wakinitoa humu ndani, wewe usiwepo kwenye msafara. Unisikie vizuri, Desde nawe usikie. Asinishikie jeneza."

Kisha akageukia ukutani. Ilimchukua muda mrefu kugeuka, na alipokataa kusaidiwa Desderia alimvuta Osmund kwa mkono wa shati akamtoa nje.

Akina mama wa jumuiya walikuwa wameanza kufika na kuni vichwani, kama ilivyo kawaida nyumba ikiwa na mgonjwa wa namna hiyo. Walimpa mkono wote. "Huyu ndiye mtoto!" mmoja alisema kwa sauti. "Ameitwa na amefika hapohapo. Wengine wanazaa bure." Osmund aliwaamkia shikamoo na kuwashukuru. Mara mbili alijaribu kurudi chumbani. Mara zote mbili mama alijivutia kitenge usoni mpaka alipotoka, na kitenge chenyewe kilikuwa kile cha safari.

Mchana alipanda ndege ya kwenda Dar.

Desderia alimpigia akiwa uwanjani Dar es Salaam, amekaa chini ya ubao wa safari, anasubiri ndege ya pili.

"Kaka, ametangulia."

Osmund alisimama. "Narudi. Jioni kuna ndege ya Songea, naweza kuwahi hata mkesha."

 Kwa nyuma Osmund alizisikia sauti za wanawake, na mtu akiomba viti vishushwe kwenye gari.

"Dada, sema kitu."

"Alikwambia nini, kaka?"

"Unajua alichoniambia."

"Basi mimi sina la kuongeza. Ukija sitakufukuza. Watu hawatajua. Lakini mimi na wewe tutakuwa tunajua."

Walikuwa wameanza kuita abiria. Osmund alisimama katikati ya ukumbi na mkoba begani, mkono mmoja kuna mlango wa kwenda ndani ya nchi, mkono wa pili kuna foleni ya wanaotoka. Ni mama yake mzazi, na yuko umbali wa mwendo mfupi tu. Mtu angemlaumu kwa kwenda? Dunia nzima ingemlaumu kwa kutokwenda, na pengine hapo ndipo alipoijua njia iliyo sahihi, ile ya kurudi kwa mtoto, kwa kuwa haikumfurahisha hata kidogo. Akajiunga na foleni.

Kwenye kiti cha mbele yake kulikuwa na kioo kinachoonyesha kindege kidogo juu ya ramani, na chini yake kilomita zilizobaki. Abiria wenzake walikizima wakaangalia sinema. Osmund hakukizima. Aliiangalia namba ile ikipungua kwa uchoyo, akala asichokitamani, akalala akaamka na bahari ilikuwa ileile. Miguu ilianza kumvimba. Mahali fulani juu ya barafu alipiga hesabu akajua kwamba huko Songea sasa ndiyo wanamtoa ndani. Alikaa wima mpaka hesabu yake ikamwambia wameshamaliza. Alikuwa ameipita njia hiyo kwa miaka tisa, na hakuwa ameiona mpaka siku hiyo. Ilikuwa ndefu mno. Alishangaa kwamba mwili wa mtu mmoja uliimeza mara zote zile bila kulalamika, na akaona aibu ambayo haikuwa na pa kwenda.

*

Kandida ndiye aliyefungua mlango. Bi Rosa alikuwa nyuma yake na bakuli la supu, akamwangalia Osmund bila kumsalimia, akapita akaenda kwake.

Sauti ilikuwa ile ile. Mengine yote yalikuwa yamesogea kidogo. Mikono ya sweta iliishia juu ya vifundo. Nywele alizosukwa Jumamosi iliyopita zilikuwa zimeota chini ya mabutu, mabutu yenyewe yakawa yananing'inia mbali na kichwa. Uso ulikuwa umeanza kurefuka, na kuna namna ya kutazama ambayo Osmund hakuiacha pale alipoondoka.

"Baba! Mbona umechelewa? Njia Fupi imeharibika?"

"Nimekuja kwa ndege."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona ni mbali kiasi gani."

Kandida alicheka, akidhani ni utani. Akamwambia viatu vinambana kama yule mama alivyosema, na kwamba Bi Rosa alitaka kumnunulia vingine lakini yeye alikataa kwa sababu baba aliahidi. Osmund alipiga magoti sebuleni akaanza kumfungua kamba. Kidole kikubwa kilikuwa kimeifanya soksi itoboke.

"Jino je?"

"Lilitoka kitini. Nilipoamka nikakuta jipya limeshaota, ona." Alifungua mdomo. "Yule mama alilitafuta chini ya kiti, hakuliona. Labda walilifagia."

"Uliumia?"

"Sikumbuki." Alifikiri. "Nakumbuka nilikuwa nakuita. Muda mrefu hivi. Halafu nikaacha."

Osmund alivua kiatu cha kwanza. Akakishika kwa mikono miwili.

"Bibi alifurahi?" Kandida aliuliza. "Nilivyokusindikiza?"

"Alifurahi sana," Osmund alisema.

Uso wa mtoto ulinawiri. "Basi akikuita tena nitakaa tena. Hata kesho. Sasa nimeshazoea."

Sauti ile Osmund aliijua. Aliisikia kwenye simu miaka mitatu nyuma, ikicheka mpaka ikakohoa, na siku ile aliikubali kwa kuwa ilimfaa. Alikitua kiatu chini.

"Kandida, nimekudanganya. Bibi hakufurahi. Alikasirika, akanifukuza. Alisema sikupaswa kukuweka pale. Na amekufa. Wamemzika jana, mimi nikiwa angani."

Kandida hakulia. Alimwangalia kwa ile namna mpya ya kutazama, anaunganisha jambo moja na jingine, kisha akauvuta mguu wake kutoka mkononi mwa baba.

"Kwa hiyo hakufurahi."

"Hapana."

"Na hutakwenda tena."

"Sitakwenda tena."

"Basi nirudishie jino langu."

Osmund alibaki amepiga magoti. Kandida alinyoosha kiganja mbele yake, akasubiri.